Macho ya Manjano Kutoka Shabunda

Juzi binti wa jirani yangu, aliyemaliza masomo ya lishe hapa Bukavu na bado anatafuta kazi, alikuja kunionyesha kwenye simu yake picha ya chupa. Juu ya chupa wamechora ini jekundu linalong'aa kama nyanya iliyooshwa. Wanaiuza kwa watu wanaotaka kusafisha maini yao kwa siku saba.

"Maman Halima," aliniuliza, "weye ulitumikaka na bagonjwa ba fwa miaka mingi. Hii iko dawa ya kweli?"

Fwa ndilo ini, jina tulilolichukua kwenye Kifaransa. Nilimwambia aketi, nikaweka maji ya chai jikoni. Hakujua ameuliza nini. Alitaka jibu la ndiyo au hapana, nami nikamweka pale mpaka chai ikapoa mara mbili. Niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake mnaoanza.

Mimi nimezaliwa Uvira, katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Baba aliuza viungo: manjano, tangawizi, habasoda, mdalasini. Tangu utoto nilisikia watu wakimweleza maumivu yao huku akiwafungia vipakiti vya karatasi. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye kituo cha afya huku Kadutu, upande wa lishe, nilifika nikiwa na kiburi. Nilidhani majani na mizizi nayajua kuliko yeyote.

Kiburi hicho kilitolewa na Papa Cirhuza. Alikuwa muuguzi mzee, mtu wa Mumosho, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa kali. Nyuma ya kituo alikuwa na bustani yake: lengalenga, ndiyo mchicha wa huku, mapapai, mchaichai, na kichaka kimoja cha mubirizi, yale majani machungu ambayo kila nyumba ya Washi, wenyeji wa huku, inayajua. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, mgonjwa mwenye macho ya manjano akiingia, nitampa nini. Nikaanza kumtajia duka zima la baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bon. Kwanza utamuuliza amekunywa nini."

"Nimuulize kama anakunywa pombe?"

"Pombe, na vidonge vya ku soko, na majani ya shangazi yake, na lavement, ile dawa ya kuingiza nyuma, yenye walimufanyia ku nyumba. Yote. Chakula itakuja nyuma."

Nilipomwambia kwamba mimi nataka kwanza kumsafisha ini, alinitazama kama mtoto aliyesema jambo la kuchekesha bila kujua. "Ini njo inasafishaka, maman. Inasafisha damu, inasafisha kila kitu yenye umekula. Sasa weye utaisafisha na nini, na sabuni?"

Wagonjwa wengine walicheka kwenye benchi. Nilikasirika siku nzima. Lakini nawaambia, hakuna somo la darasani lililonisaidia kuliko hilo. Tulipokea watu wengi ambao ugonjwa wao ungepungua wenyewe kwa mapumziko na chakula, lakini walikuwa wameshapitia kwa waganga watatu na kunywa mizizi ya kila rangi. Ugonjwa mmoja waliugeuza kuwa miwili.

Mubirizi Papa Cirhuza aliutumia, ndiyo. Majani mawili, yaliyooshwa vizuri, kwenye maji ya moto, kikombe kidogo kabla ya kula. Lakini hakumpa mjamzito, hakumpa aliyezidiwa, na hakumdanganya mtu. "Hii haiponyeshe fwa," aliwaambia. "Inaamsha tu mdomo, upate hamu ya kula." Na hamu ikija, ndipo kazi yangu inapoanza.

Kazi hiyo nayo imebadilika. Mwanzoni tulimnyima mgonjwa wa ini kila kitu. Hakuna mafuta, hakuna maharage, hakuna mayai. Tulimpa maji ya miwa na uji mtamu mpaka akachukia sukari. Wagonjwa wakakonda mbele ya macho yetu huku sisi tukisema tunafuata maagizo. Baadaye tukafundishwa vingine, nasi wenyewe tukaona kwa macho: mpe maharage yaliyoiva vizuri, mpe sambaza, dagaa wabichi wa ziwani, yai akiliweza, lengalenga yenye mafuta kidogo, papai, parachichi. Sahani ndogo mara tano, wala si mlima wa bugali mara moja. Na kitu kidogo mdomoni kabla ya kulala, kwa sababu ini bovu haliwezi kuweka akiba mpaka asubuhi.

Karanga ndizo zilizonifundisha kwa aibu. Wakati wa vita njia ya kwenda kwenye uwanda wa Ruzizi ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, na karanga za Luvungi zilikaa kwenye magunia yenye unyevu wiki nzima kabla ya kutufikia. Siku moja nilipata gunia lililoanza kuota ukungu. Chakula kilikuwa kigumu, nikaona uchungu kutupa. Nikazikaanga sana mpaka harufu ikaisha, nikapika mchuzi mzito kwa ajili ya wodi nzima. Papa Cirhuza aliingia jikoni, akaonja kwa ncha ya kijiko, akatema.

"Ziliotaka ukungu?"

"Kidogo tu. Lakini nilizikaanga."

Alibeba sufuria mwenyewe, akaenda nayo bustanini, akachimba shimo, akamwaga mchuzi wote na gunia lililobaki, akafukia. Na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akivua kofia yake, kama mtu aliye makaburini. Wafanyakazi wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo. Kisha akanieleza taratibu: sumu ya ukungu ule haiondoki kwa moto wala kwa maji, na inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Hata kuku usimpe. Tangu siku hiyo karanga zangu nilizimwaga kwenye mkeka na kuzichambua moja moja, na iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani sikuiacha ipite. Fanyeni hivyo hivyo, na mahindi pia.

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa kwenye kazi hii wakati wenzangu walihamia kwenye mashirika yenye magari.

Mume wangu, Ramazani, alikuwa muuza nguo. Vitenge, mashati, suruali za kazi. Alikuwa mtu mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Akikaa nawe atakunja hiki, atanyoosha kile. Muda mfupi kabla ya vita ya pili ya Kongo alipakia mizigo yake kwenda Shabunda, ambako wachimba dhahabu walinunua nguo haraka. Alisema atakaa mwezi mmoja. Binti yetu Halima alikuwa na miaka mitatu. Vita ikaanza, njia ya msituni ikafungwa, na Shabunda ikawa kama kisiwa. Ilibaki ndege ndogo tu, zilizoshuka pale siku zilipoweza, zikileta chumvi na sabuni na kurudi na wagonjwa wachache.

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wachimbaji, na wengi walishuka na macho ya manjano. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, maji machafu, njaa, sindano zilizochomwa watu kumi. Waliletwa kwetu. Na mimi, kila nilipomuuliza mtu amekunywa nini na amekula nini, niliongeza swali langu: ulimuona Mswahili wa Uvira, mrefu, mwenye kuuza nguo, anaitwa Ramazani?

Mwanzoni wengi walisema hapana. Halafu wakagundua kwamba aliyesema ndiyo naongea naye zaidi, na sahani yake naipakua kwa mkono mzuri. Wakaanza kumuona. Mmoja alimuona ana ndevu, mwingine alimuona amenenepa, mwingine alisema anaimba kanisani. Ramazani, kanisani. Nilijua wananidanganya, na bado niliuliza. Ilikuwa raha yangu kusikia jina lake likitoka kwenye mdomo wa mtu aliyetoka upande huo.

Mwaka wa tatu akaja Bisimwa. Alikuwa mchimbaji wa miaka kama thelathini, mtu wa Mumosho kama Papa Cirhuza, ngozi yake ya manjano kama ganda la ndizi. Nilimuuliza maswali yangu yote, na la mwisho nikaliuliza kwa mazoea tu.

"Ramazani mwenye anashonaka?" akasema.

"Hapana. Anauza nguo."

"Nguo walizikamataka zote. Sasa anashona. Eko na mashine ya kuazima, anashonea bachimbaji suruali. Vidole vyake havitulieke."

Hakuna aliyewahi kuniambia habari za vidole. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini alianza kutapika, na jioni hiyo akawa anasinzia na kuongea maneno yasiyofuatana. Kesho yake akawa hivyo hivyo. Nilimtazama mtu huyu na sikuona mgonjwa. Niliona mlango unaofungwa, na Ramazani nyuma yake.

Dada yake alikuwa amekuja kumuuguza. Akanivuta pembeni, akanionyesha chupa yenye maji mekundu mazito ya mizizi. "Inafukuza manjano siku mbili tu, maman. Niruhusu nimupatie."

Wanangu, nilijua jibu. Nilikuwa nimewaambia watu mia jibu hilo. Lakini nilikuwa nataka aamke, nataka aseme. Nikamwambia, "Mpe kidogo kidogo."

Siku ya pili Bisimwa hakuweza kumtambua dada yake. Mikono ilimtetemeka, mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Papa Cirhuza alikagua kitanda, akaikuta chupa chini ya mkeka.

"Nani aliruhusu hii?"

Dada yake aliinamisha kichwa. Nikasema, "Ni mimi."

Nilingoja anifokee. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaiweka chupa magotini. "Unaona bale bamama benye banabebaka magunia ya makaa ku mulima?" akaniuliza. "Huyu fwa yake iko vile, inapanda na muzigo. Na weye umeongeza gunia juu." Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Juu ya nini, Maman Halima? Weye unajua hii kazi."

Nikamwambia kwa nini. Kisha akanipa kijiko.

"Utamulisha weye. Kila mara. Mpaka apone ao akufe."

Daktari alimwekea maji ya mshipa na dawa alizoweza kuzipata. Mimi nilikaa na kijiko. Uji mwepesi, vijiko vitatu, nangoja, vijiko vitatu tena. Maji ya maharage yaliyochujwa. Papai lililopondwa. Siku za kwanza alitema kila kitu. Nilimfuta, nikaanza upya, na sikumuuliza chochote, hata alipoanza kufumbua macho. Nilijiapiza kwamba sitauliza mpaka aweze kukaa mwenyewe na kushika sahani. Ilichukua wiki tano. Na siku aliyoshika sahani, ni yeye aliyeanza.

"Ule muzee wako wa kushona," alisema, "mutu akitoka Bukavu, anamuuliza. Kama unajua muke mumoja anatumikaka kwa kituo ya santé ya Kadutu, jina Maman Halima. Banamudanganya sana. Banasema banakuonaka, juu abashonee bure."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye lengalenga za Papa Cirhuza. Miaka mitatu nilidhani ninauliza peke yangu.

Bisimwa alipona, akarudi kwao Mumosho kulima, na hakugusa tena kanyanga wala jembe la kuchimbia dhahabu. Aliniletea viazi vitamu mara mbili. Mimi nilingoja miaka mingine miwili. Nilituma barua kwa marubani na kwa mapadri. Sijui ngapi zilifika.

Ikafika asubuhi moja ya foleni ndefu. Nilikuwa nimeinamia karatasi zangu, nikasema, "Mwenye anafuata." Mtu akakaa mbele yangu. Nikainua macho na kuanza kuangalia kama tulivyofundishwa: macho ya manjano, mikono iliyokauka, tumbo limejaa maji, miguu imevimba. Nilishaanza kuandika. Ndipo nikaona vidole vyake vinakunja na kukunjua pindo la shati. Niliona ini kabla ya kumuona mume wangu.

"Nilienda nyumbani," Ramazani alisema. "Wakaniambia mulihamaka. Nikajua hapa nitakupata."

Alikuwa amekaa kwenye benchi langu tangu saa moja, nyuma ya watu kumi na tisa. Hakutaka kuwapita.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikauliza swali ninalomuuliza kila mtu, kwa sababu ndilo lililokuwa mdomoni. "Umekunywa nini?"

Aliangalia chini. Mume wangu hakuwa mtu wa pombe. "Nilikunywa," alisema. "Mwaka wa pili, nilipoona siwezi kurudi. Si sana. Kiisha nikaacha. Lakini nilikunywa."

Baadaye daktari alituambia kwamba huenda ugonjwa ulikuwa damuni mwake tangu zamani, na kwamba wengi wanaubeba bila kujua na bila kugusa tone la pombe. Lakini majirani walishasema yao. Kwa hiyo nawaomba: mkimwona mtu mwenye tumbo la maji, msimhukumu kwa macho. Mimi nilikuwa na haki ya kumkasirikia kuliko wote, na sikupata nafasi. Nilikuwa na furaha mno.

Halima alikuwa na miaka minane. Alimsalimia kama anavyosalimia wageni, akaniuliza jikoni, "Ule muzee atalala hapa?" Baba yake alisikia. Siku iliyofuata aliomba sindano na uzi, akakaa barazani akashona upya mfuko wa shule wa Halima uliokuwa umepasuka, polepole, huku mtoto akimtazama kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akiwa ameegemea goti lake.

Papa Cirhuza, aliyekuwa amestaafu, alipanda kilima kuja kumuona. Alimbonyeza tumbo, wakaongea habari za mvua. Tulipofika mlangoni aliniambia, "Hii fwa imekauka, maman. Hairudi nyuma. Lakini atakula, na atakula kwako."

Nilimpikia kila nilichokijua. Nilipika kwa mikono miwili na miaka kumi na tano ya kazi. Maharage, sambaza, mayai, mboga, yote bila chumvi, kwa sababu chumvi huvuta maji tumboni. Alitobolewa tumbo kutolewa maji mara nne. Siku nyingine alikuwa na nguvu, akaniuliza, "Hivi njo unapikiaka bagonjwa bako bote?"

"Ndiyo."

"Na banarudiaka?"

Tulicheka mpaka akashika ubavu.

Hakumaliza mwaka. Watu huniuliza kama sijutii, mtaalamu wa ini aliyeshindwa kumponya mumewe. Chakula changu hakikumponya, ni kweli. Kilimpa miezi, na ndani ya miezi hiyo mtoto wangu alipata baba. Mkienda kazini mtakutana na ini ambalo haliponi. Hapo ndipo wengi hukimbilia chupa zenye picha nzuri. Ninyi bakini na sufuria.

Ninachokitamani mpaka leo ni kumpakulia. Kuna siku moja, wiki chache kabla hajaondoka, nilipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Maman Halima," alisema. "Chumvi. Mara moja tu."

Nilisimama mlangoni mwa jikoni muda mrefu. Nilijua tumbo litajaa haraka zaidi. Nilijua pia kwamba litajaa hata bila chumvi. Nikarudi, nikatia chumvi kwenye sufuria nzima, nikakoroga, nikatuletea sote watatu kwenye sahani moja kubwa. Ramazani alimega bugali, akachovya, akafumba macho. Halima akamwambia ale vizuri asichafue shati. Alipofuta upande wake wote wa sahani, kwa mara ya kwanza tangu arudi, aliomba nimwongeze.

Nikamwongeza.